Viti Vinne vya Jumamosi

Siku mbili kabla ya Idi, kompyuta zote za kukatia tiketi katika stendi ya Iringa ziliganda. Abiria walifoka dirishani. Ofisini nyuma, Asmaa, mtakwimu wa kampuni ya mabasi, buibui lake limenyooshwa pasi hadi ushungi, alikunywa chai akingojea kompyuta imtolee ripoti ya abiria wote wa miaka mitatu iliyopita.

"Kumbe ni wewe, dada!" Kijana aliyevaa koti zuri na raba zenye vumbi alisimama mlangoni. Alikuwa Shamsudin, fundi wa seva, kompyuta kuu za kampuni, kutoka Mbeya, aliyekuwa akipita kwenda Morogoro. "Seva ni moja. Ukiipa maswali ya miaka mitatu, tiketi atakata nani?"

"Ripoti nayo ni kazi, kaka. Nipe seva yangu."

Akampa. Kila tiketi iliyoingia seva kuu ya Mbeya ilinakiliwa kwenye seva ya Iringa baada ya sekunde chache, na Asmaa akauliza alichotaka bila kumkwamisha abiria. Shamsudin alipiga simu kila siku kuijulia hali seva. Kufikia mwezi wa tatu wa simu hizo, hakuitaja tena seva. Alhamisi moja alisema:

"Laazizi, Jumamosi naleta posa na wajomba watatu. Nimekata viti vinne."

Ijumaa Asmaa alifungua orodha ya abiria wa Jumamosi. Shamsudin hayumo. Wajomba hawamo. Akamwambia mama yake asichinje kuku, kisha akapiga simu.

"Hukukata tiketi."

"Ninazo mkononi, mpenzi!"

"Orodha haina jina lako, na orodha haina sababu ya kunidanganya."

"Orodha ya seva ipi?"

"Uliyonipa."

"Tiketi ya mwisho humo ni ya lini?"

Asmaa akatazama. Jumatano, saa tano asubuhi. Tangu hapo, kwa mujibu wa seva, hakuna mtu aliyekata tiketi popote. Masikio yakamwaka moto.

"Imeacha kunakili," alisema Shamsudin. "Kosa langu. Nilikuwa kwa fundi, napimwa kanzu."

"Na langu. Ningetazama tarehe kabla ya kukulaani."

"Umenilaani?"

"Mara mbili."

Kuku wakachinjwa. Jumamosi wazee walijifungia sebuleni, na Shamsudin, kama ilivyo desturi, akaachwa barazani, jasho likililowesha kanzu jipya. Asmaa akapita na sinia.

"Baba amesemaje?"

"Amekubali. Nusu saa sasa."

"Mbona sijaambiwa?"

"Umekaa upande wa nakala, mume wangu. Huku habari huchelewa."