Akosaye Mara Tatu
Yaliyomkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, si porojo. Aliitega seva ya ofisini hivi: kompyuta ikikosea nywila mara tatu, inafungiwa papo hapo.

Jioni moja alibaki peke yake, umeme ukakatika. Betri ilibeba seva na kompyuta yake tu, meza ya kwanza. Mara akasikia, kule mwisho gizani, mtu anachapa. Skrini yake ikaandika: Meza ya sita imefungiwa.

“Nani huyo? Acheni utani bwana!”

Uchapaji ukaanza meza ya tano. Ikafungiwa. Ya nne. Ya tatu. Kila meza ikifungiwa, sauti inamsogelea.

“Basi, basi, nakufungulia!” Akachapa mbiombio kuufuta ule mtego. Meza ya pili ikanyamaza.

Akainua mikono, anahema. Vitufe vyake vikaendelea kubonyea.