Raundi za Kulia

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimkimbiza Kishindo, farasi kijana wa shangazi yake, kwenye uwanja ulio nyuma ya banda. Alisimama katikati ameshika kamba ndefu, farasi akimzunguka. Kisha aliandika kwenye ubao wa mlangoni: kushoto ishirini, kulia ishirini. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku moja Kishindo alitoka bandani akichechemea. Kifundo cha mguu wa mbele wa kushoto kilikuwa kimevimba, tena kina joto.

"Ni kiatu hicho!" Shangazi alimgeukia fundi wa kwato, mzee aliyemvalisha Kishindo viatu wiki iliyopita, ambaye asubuhi hiyo alikuja kuvikagua. "Umekipigilia vibaya. Kusanya vyombo vyako, Fundi, usirudi tena!"

"Mama, miaka kumi na miwili niko nanyi," fundi alisema, akikunja aproni yake ya ngozi.

Daktari wa mifugo aliyeitwa alifika, akakibonyeza kifundo. "Farasi akizunguka, mguu wa ndani ndio hulemewa zaidi. Angekuwa anazungushwa upande mmoja tu, ningeelewa. Lakini kama ubao huu unasema kweli, basi labda ni kiatu."

Chiriku alimtazama fundi, maskini, akitafuta nyundo yake majanini. Moyo ulimuuma.

"Ubao unadanganya," alisema. "Kulia Kishindo ananivuta, nami nachelewa shule. Wiki tatu sasa namzungusha kushoto tu. Nisamehe, Shangazi."

Shangazi alimshika fundi mkono. "Nimekuvunjia heshima bure, Fundi. Niwie radhi."

"Yamekwisha, mama." Fundi alikunjua aproni. "Chiriku leo kaimba la maana."

Daktari aliagiza maji baridi na mapumziko, kisha matembezi ya polepole. "Msimfungie moja kwa moja. Kiungo hukomaa kwa kazi, ila kazi igawanywe."

"Umesikia?" Shangazi alimwambia Chiriku. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Wewe uliandika kwa chaki tu. Kishindo aliubeba uongo wako kwa mguu mmoja, na Fundi nusura aubebe mgongoni."

Baada ya miezi miwili Kishindo aliruhusiwa kukimbia tena. Siku hiyo Chiriku alichelewa shule, na ubaoni palisomeka: kushoto tano, kulia tatu, amenivuta.

Shangazi aliusoma mara mbili. "Sasa huu ndio ubao," alisema. "Mbili zilizobaki tutazimaliza pamoja kesho."