Embe la Mche Usiofika Goti

Embe lilikuwa kwenye mche usiofika goti.

Dada aliiweka chini ndoo ya kumwagilia, akachutama, akalitazama. Mche wenyewe ulikuwa na wiki saba tangu ubebeshwe. Ulikuwa na majani manne tu, na nailoni ya kufungia ilikuwa bado imezungushwa kwenye kidonda chake. Embe lilikuwa limeiva, la manjano, kubwa kama ngumi ya mwanamume, nalo lilikuwa limelala juu ya udongo wa kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, kwa sababu kijiti kisingeweza kulibeba. Jana halikuwepo. Wala haukuwa msimu wa maembe. Miembe mikubwa ya majirani ilikuwa haijatoa hata ua.

"Baba!" aliita. "Njoo uone maajabu."

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuja na mswaki mdomoni. Alipoliona embe, mswaki ulimdondoka.

"Nimepata," alisema polepole. "Mwanangu, nimepata! Watu wanakula maembe miezi mitatu, miezi tisa wanameza mate. Sasa watakuja hapa kwa foleni."

"Lakini Baba, mche wa wiki saba unazaaje?"

"Ukipewa ng'ombe mwenye maziwa unamuuliza kayatoa wapi? Kamua, mama, kamua."

Dada alicheka. Cheko lilipoisha ndipo aliposikia kimya. Mdogo wake, mtoto wa miaka sita, walimpa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na mlango. Kila asubuhi alizungumza na bata, akazungumza na viatu, akikosa mtu alijigombeza mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani, hajasema neno.

Asiyeijua kazi ya Fundi aelezwe kidogo. Kazi hiyo huitwa kubebesha. Unaotesha kokwa la mwembe wa kawaida, ule mgumu unaovumilia jua. Mche ukifika unene wa penseli, unaukata kichwa, unapasua shina lake, na kwenye mpasuko huo unachomeka kikonyo, yaani kijiti kilichochongwa ncha kama mkuki, kilichokatwa kwenye mti mwingine wenye maembe mazuri. Unafunga nailoni, unakaza, hewa isiingie. Kikishika, basi. Shina la chini litanyonya maji maisha yake yote, na atakayezaa juu ni mwingine.

Lakini shina halisahau. Chini ya kidonda hutoa machipukizi yake, likitaka kuwa mti wenyewe. Ukiyaacha, yatakishinda kikonyo. Kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu apite akiyakwanyua kwa kucha. Tangu Dada aachishwe shule ili amsaidie baba yake kitaluni, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Kikonyo nacho hakitakiwi kukauka. Mafundi wengine huvifunga vikonyo vyao kwa kitambaa chenye maji. Katika nyumba hii viliwekwa mdomoni. Babu alifanya hivyo, Fundi akarithi, na sasa ilikuwa zamu ya Chiriku, kwa kuwa, kama alivyosema baba yake, mate ya mtoto huyo hayakauki kama yasivyokauka maneno yake. Alikuwa akisimama pembeni na vijiti vimejaa mdomoni kama misumari ya seremala, akitoa kimoja kimoja.

"Baba Chiriku," mama yao alizoea kusema kutoka jikoni, "mwekee na vya kesho, angalau nipumzishe masikio."

Vikonyo kumi na viwili vya mwisho Fundi alivitoa kwenye mwembe ulio nyuma ya gofu la kiwanda, mti uliokuwa ukizaa mwaka mzima bila kupumzika. Mlinzi wa gofu alimwonya.

"Maembe okota, kila mtu anaokota. Mti usiukate. Mwenyewe yumo."

"Mwenyewe nani?"

"Ningemjua si ningemwomba likizo?"

Wakacheka wote wawili. Mlinzi alipokwenda kula, jua likiwa utosini, Fundi alitoa kisu. Dakika chache baadaye vikonyo vyote kumi na viwili vilikuwa mdomoni mwa Chiriku, na mtoto alikunja uso akasema kwa taabu, kwa pembe ya mdomo, "Baba, hivi vya moto."

"Jua hilo, mwanangu. Shikilia."

Baada ya embe la kwanza, wiki haikuisha kabla miche yote kumi na miwili haijazaa. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaonja, wakalamba vidole. Fundi alicheka mpaka sauti ikamkauka. Ni Dada tu aliyeona kwamba kila embe lilipoongezeka, kitu kilipungua ndani ya nyumba. Chiriku aliacha kuimba. Kesho yake aliwatazama bata kama asiyewajua. Siku iliyofuata aliitwa jina lake mara tatu asigeuke, akageuka mara ya nne, tena polepole, kama mtu anayebahatisha kuwa labda anaitwa yeye.

"Homa ya kukua," Mama alisema, lakini alisema kwa kunong'ona.

Pumzi ya mtoto ilianza kunukia embe bivu. Halafu ikanuka embe lililolala siku nyingi kwenye maji. Sisimizi wakawa wanapanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mto wake, nao hawakumng'ata; walizunguka midomo yake tu, kwa utulivu, kama wateja waliozoea duka. Dada aliwafagia asubuhi, akawafagia mchana, na kila alipomaliza kuwafagia alirudi kitaluni kukwanyua machipukizi, ambayo siku hizo yalikuwa yanatoka kwa wingi ajabu, mekundu, laini, kana kwamba mashina yana haraka.

Mchana mmoja, nyumba nzima ikiwa kimya kwa joto, Dada alikuwa jikoni akiosha vyombo aliposikia nailoni ikivutwa. Kriii. Aliijua sauti hiyo kuliko sauti yoyote duniani, sauti ya mkanda unaonyooshwa kabla ya kuzungushwa. Kriii. Lakini Baba alikuwa ametoka, na nailoni yote ilikuwa mbele yake, pale mezani. Alifuata sauti, mikono ikimdondoka povu, akapita ukumbini, akasukuma mlango wa chumba walicholala wawili, na ndani hakukuwa na mtu isipokuwa Chiriku aliyelala kifudifudi, nywele zimeinuka shingoni kama zimeshikwa na mkono, na pale chini ya nywele palikuwa na mstari mwembamba, umechongoka kama ncha ya mkuki, umevimba kidogo, ngozi ya juu yake ina joto la homa na ngozi ya chini yake, Dada alipoigusa, baridi kama udongo wa kivulini.

Mtoto hakugeuka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, nzito, yenye adabu.

"Kaza vizuri, binti. Hewa inaingia."

Mganga aliletwa jioni hiyo hiyo. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, aliyejulikana kwa kutowaonea haya majini wala binadamu. Alipoingia alikohoa kwa ile harufu, akafungua dirisha, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama anayekwenda kumnyoa mtu. Mama alisimama mlangoni, Fundi nyuma yake. Dada alishika miguu ya mdogo wake, kwa sababu miguu peke yake ndiyo iliyokuwa bado ikitetemeka.

"Wewe ni nani?" Bibi aliuliza.

"Muulize Fundi. Ndiye aliyenikata kwetu."

"Mtoke mtoto wa watu."

"Bibi, usinivunjie heshima," ile sauti ilijibu bila hasira. "Kuingia ni tabia ya wezi. Mimi sikuingia. Nilikuwa kwangu, nimetulia, jua la saa sita, nikakatwa. Nikatiwa mdomoni mwa mtoto nisikauke. Nani aliniuliza? Nimebebeshwa. Na sasa nimeshika."

Mama alipiga magoti. "Mwachie mwanangu, nakuomba. Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Nahitaji miguu yake tu."

Kisha macho ya Chiriku, ambayo hayakuwa na Chiriku ndani yake, yalishuka taratibu mpaka yakamfikia Dada.

"Mwenyewe alifuata mate yake mpaka kwenye mashina yenu, na huko akajitahidi kurudi," sauti ilisema. "Kila alfajiri alichipua. Jani dogo, jekundu. Na kila asubuhi kuna mtu alikuja akamkwanyua. Mimi peke yangu nisingemweza, mbishi sana. Ahsante, binti. Una mkono mwepesi."

Dada hakulia. Aliitazama kucha yake ya dole gumba, ambayo ilikuwa nyeusi kwa utomvu, akaificha ndani ya ngumi.

Nje, Bibi alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Walioingia nimewatoa, wengi tu," alisema. "Huyu hakuingia. Fundi, kazi hii ni yako. Kikonyo kikishashika, kinatokaje?"

"Hakitoki." Fundi alikuwa amezeeka tangu mchana. "Unakata chini ya kidonda, unangoja. Shina likiwa na nguvu bado, litachipua lenyewe."

"Basi kata yote. Mche mmoja ukichipua, mmoja tu, mtoto ana njia ya kurudi, na chipukizi hilo lilindeni kuliko macho yenu. Yote ikikauka..." Bibi alijifuta mikono. "Yote ikikauka, msiniite tena. Aliyemo ndiye mtakayeishi naye."

Walikata kabla jua halijazama. Kila mche ulipokatwa, utomvu ulitoka ukinukia nywele za Chiriku zilizotoka kuoshwa, na Mama hakuweza kukaa hapo, akaingia ndani ameziba pua kwa upande wa nguo yake.

Mtoto akawa amelala tu. Hakusema kwa sauti ile wala kwa sauti yake. Dada alihamia kitaluni, akala hapo, akafukuza kuku, panzi na hata upepo. Siku ya nne vijiti vitatu vya mashina yaliyokatwa vilikauka. Siku ya saba vilikuwa vinane. Siku ya tisa kilibaki kimoja, nacho Dada alikuwa anakitazama kwa jicho lisilotumaini tena, kama mtu anayetazama barabara baada ya basi la mwisho kupita.

Asubuhi ya kumi kilikuwa na jani. Dogo, jekundu, limekunjamana kama ulimi wa paka aliyezaliwa jana.

Na kutoka chumbani, kwa mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, ilitoka sauti: "Dada? Dada, bata wameshakula?"

Dada alikimbia, akajikwaa, akamkuta Mama amekwisha kumkumbatia mtoto huku analia na kucheka pamoja.

"Chiriku! Mdogo wangu, uko wapi?"

"Huku chini. Giza. Mbona ulikuwa unanikataza kuja?" Macho yalikuwa yamefumba lakini midomo ilikwenda mbio, kama zamani, kama mvua juu ya bati. "Nikija unanikataza, nikija unanikataza. Usifanye tena, sawa? Nishike hapo, hapo kwenye mkono. Nasikia baridi kidogo lakini inapungua. Dada, unajua nini? Nilikuwa nasikia miguu yako ukipita na ndoo. Nikawa nahesabu. Halafu nikamwota yule bata kilema, amevaa viatu vyangu, nikamwambia we bata, vua, halafu yeye aka..."

Ikakatika.

Dada alingoja neno linalofuata. Aliukandamiza mkono wa mdogo wake, akamwita, akamtikisa. Ndipo akainuka, akatoka, akatembea bila kukimbia, kwa sababu sehemu fulani ya mwili wake ilikuwa imekwisha kujua.

Fundi alikuwa amesimama kitaluni, machozi ya furaha hayajamkauka shavuni. Mbele yake kijiti kilikuwa kitupu. Kati ya dole gumba na kidole chake cha shahada palikuwa na jani jekundu, limekwanyuliwa sawasawa, pale pale linapokwanyuliwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini bila kuangalia.

"Nilikuja kulitazama," alisema. "Mwanangu, nilikuja kulitazama tu."

Alilirudisha jani kwenye kijiti. Alilishikiza hapo, kwa vidole viwili, akalipulizia pumzi, akalishikilia.

Ndani ya nyumba Mama alipiga kelele ya furaha. "Njooni! Baba Chiriku, njooni! Amekaa mwenyewe! Amefumbua macho!"

Na kabla hawajapata sauti ya kumjibu, sauti nyingine ilimjibu kwa niaba yao, nzito, yenye adabu.

"Waache, Mama. Wako kazini."