Gari Linalochechemea

Mume wangu Collins analipenda gari lake kupita kiasi. Kila asubuhi hapa Igoma, kabla hajaenda kufungua duka lake la nyavu, analifuta vumbi huku analisemesha. Mimi namcheka tu. "Nifute na mimi basi," namwambia, "labda nitang'aa."

Mwaka huu mama yake, mama Ajwang, alianguka uani akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji. Siku ya kumtoa hospitali, Collins alitaka mama apande gari safi. Akalipeleka ufukweni mwa ziwa, kwa vijana wanaoosha magari kwa mashine ya maji.

"Osheni na injini!" akawaambia. "Ing'ae kama sahani ya wageni."

Iling'aa kweli. Lakini tulipomweka mama ndani na Collins akawasha, gari likaanza kutetemeka. Likitembea, afadhali kidogo. Likisimama kwenye foleni, usukani unatetemeka, viti vinatetemeka, mpaka meno yanagongana. Mama alishika nyonga akalia. Sikuwahi kumwona mama mkwe wangu akilia.

Daktari alisema arudi kila wiki kwa mazoezi. Asipofanya mazoezi, mguu utakakamaa na hatatembea tena. Wiki iliyofuata alilia tena njia nzima. Tukakodi bajaji, mashimo yakamtesa zaidi. Baada ya hapo akagoma.

"Siendi," alisema. "Niacheni nikae hivi hivi."

Collins alihangaika. Aliweka mito kwenye kiti. Mtu akamwambia mpira unaoshikilia injini umekatika, akanunua mpya. Wapi! Taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka mbele ya usukani, naye akaibandika plasta isimsumbue. Jamani, mume wangu! Taa inamwita, yeye anaiziba mdomo.

Jumapili moja jirani yetu Chenge alikuja kumjulia hali mama. Chenge ni fundi magari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia umegoma mazoezi."

"Sijagoma mazoezi. Nimegoma gari. Linachechemea kama mimi. Kuna pigo linarukwa. Linapiga, linapiga, linaruka. Nyonga yangu inalisikia."

Chenge aliweka kikombe cha chai chini. "Mama, hebu rudia." Mama akarudia. Chenge akaitikia kwa kichwa taratibu. "Collins, lete ufunguo. Mama ameshanionyesha njia."

Tulimtoa mama na kiti chake uani. Chenge alipoona plasta, aliibandua, akamtazama Collins. Collins akaangalia viatu vyake. Kisha fundi akafungua boneti.

"Shemeji Roza, sogea uone," aliniambia. "Injini hii ina vyumba vinne. Katika kila chumba petroli na hewa vinakutana. Koili inapeleka umeme mkali, plagi inatoa cheche, moto unalipuka na kusukuma. Vyumba vinapokezana, kwa zamu, mara nyingi sana kila dakika."

"Moto? Humo ndani?" niliuliza. "Na mimi huwa nakaa hapo mbele natafuna karanga!"

"Ndiyo. Chumba kimoja kikilala, vingine vitatu vinahangaika. Ndiyo mtetemeko huo. Sasa tumtafute aliyelala."

Aliwasha gari. Alichomoa soketi ya waya wa koili ya kwanza. Gari likatikisika vibaya, karibu lizime. "Huyu anafanya kazi," akasema, akairudisha. Ya pili, vilevile. Akachomoa ya tatu.

Hakuna kilichobadilika. Mtetemeko ulikuwa uleule.

"Huyu hapa," alisema Chenge. "Hata ukimtoa, gari halina habari. Lakini kazi hii msijaribu wenyewe. Umeme huu unaumiza."

Alizima gari akasubiri injini ipoe. Kisha akaivuta koili ya tatu. Maji yalidondoka. Shimo lake lilikuwa na maji, na plagi ilikuwa imeshika kutu.

"Uliosha injini?"

Collins alinong'ona, "Kwa mashine. Nilitaka mama apande gari safi."

Nilimhurumia. Mapenzi yake yote kwa mama yake yalikuwa yametuama mle shimoni.

Chenge alikausha shimo, akafunga plagi mpya. Gari bado likatetemeka. Hakukimbilia dukani. Alizima, akabadilisha nafasi za koili ya pili na ya tatu, akapima tena. Safari hii chumba cha pili ndicho kilicholala.

"Ugonjwa umehama na koili," alisema. "Sasa nanunua koili moja, na najua kwa nini. Kama ningebahatisha, ningewauzia injini nzima."

Kesho yake alifunga koili mpya, akawasha. Mungu wangu! Niliona boneti imetulia tuli. Niliwasikia kuku wa jirani. Vile vyumba vinne vya moto vilikuwa vinapokezana mbele yangu, na mimi nasikia kuku!

"Injini inafutwa kwa kitambaa," Chenge alimwambia Collins. "Usiipige maji. Wala usioshe gari ziwani. Mafuta yanaingia kwenye maji tunayokunywa. Na taa ile ikiwaka, nenda kwa fundi."

Tulimbembeleza mama mpaka akakubali kujaribu. Alikaa, akafumba macho, akashika nyonga akisubiri maumivu.

"Haya, washa basi," alisema. "Tunachelewa."

"Mama," Collins alijibu, "limeshawaka."

Mama alifumbua macho. Aliweka kiganja mbele yake, juu ya dashibodi, akasikiliza kwa mkono. "Yawa!" akashangaa polepole kwa lugha ya kwao. Mkono aliuacha hapo mpaka tulipofika barabara kubwa.

Hakukosa mazoezi tena. Juzi Collins alikuwa anaosha gari uani, akasogea na ndoo karibu na boneti. Mama alikuwa ameketi barazani.

"Wewe! Na injini tena?"

Aliinuka, akanyanyua fimbo yake juu, akamfukuza mwanawe kuzunguka gari kwa miguu yake miwili.