Mashine Isiyozimwa

Kompyuta kuukuu ilijibu kabla mwanamke hajabonyeza kitu.

Alikuwa mtunzi wa programu, ofisi yake chumba cha nyuma nyumbani. Siku zile alikuwa anairekebisha programu ya kupokea amri, ile unayoiandikia neno nayo ikaiagiza kompyuta, ili ifanye kazi hata kwenye mifumo ya zamani. Kwa majaribio alinunua mashine iliyotoka kwenye kiwanda kilichofungwa. Alipoiwasha, chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mstari kwa mstari aliondoa maneno mapya ambayo mfumo ule haukuyajua, akaweka ya kale. Programu ikakubali. Kioo kikaandika chenyewe: *Mumeo yuko mlangoni.*

Funguo zikalia mlangoni.

"Hiyo kompyuta au mama mkwe?" mumewe alicheka alipoonyeshwa. "Inanichunga nikirudi!"

Naye akacheka. Kesho yake ikaandika: *Mumeo kifua kinambana.* Mume akatokea ameshika kifua. Safari hii hakuna aliyecheka.

Asubuhi iliyofuata: *Mumeo hapumui.*

Alitoka mbio akijigonga ukutani, harufu ya nywele ikimfuata ujia mzima hadi sebuleni, akamkuta mumewe ameketi kwenye kochi na kikombe cha chai mkononi, akimuuliza kwa upole mbona anakimbia, naye akamwekea kiganja kifuani akingoja mapigo, akingoja, akingoja, kifua kimetulia kama ukuta na mdomo ule ukiendelea kuongea bila pumzi hata chembe.

Akamwita shangazi wa mumewe, mganga wa kupunga majini. Mama yule alifika kizingiti cha chumba cha nyuma, akagoma kuingia.

"Mwanangu," alinong'ona, "kilikuwa bubu humo. Wewe umekipa ulimi."

"Nizime, Shangazi?"

"Ukizima kitaondoka. Lakini mumeo alishatutoka asubuhi. Kinachomkalisha pale ni hicho."

"Usiseme hivyo, nakuomba."

"Mtoto wa kaka yangu yule. Unadhani napenda?"

Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi. Ndipo sauti ya mumewe ikamwita kutoka sebuleni, taratibu, kwa jina la utani alilompa enzi za uchumba wao, ikimwambia aje wale.

Akaondoa kidole. Shangazi akajifunika uso, akaondoka bila kuaga.

Waliketi mezani wakitazamana. Sahani moja tu ndiyo iliyoguswa.