Bafu la Milango Miwili

Kila alfajiri, baada ya swala, Afrah alioga akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili aliuegemeza kwenye mlango wa upande wa kaka yake ili usifunguke. Mlango wa upande wa chumba chake aliuwekea ndoo iliyojaa maji. Ukiwa na sabuni usoni, kazi hiyo si ndogo.

Nyumba yao ya Mwananyamala aliijenga babu yao, na babu alipenda mambo yake mwenyewe. Alijenga bafu moja katikati ya vyumba viwili, likawa na choo chake na milango miwili. Mlango mmoja ulitokea chumba alicholala Afrah na bibi yake, Bibi Samiha. Wa pili ulitokea chumba cha Hudhaifa, kaka yake aliyekuwa kidato cha nne. Milango yote miwili haikuwa na kitasa wala komeo. Baba yao, Mzee Awadh, alisema hodi inatosha. Ndugu hawafungiani milango.

Lakini Bibi Samiha alikuwa amemfundisha Afrah tangu mdogo kwamba chooni hakusemwi. Mtu akibisha hodi, unakohoa, naye anaelewa kwamba pana mtu. Na Afrah, ambaye hata darasani mwalimu alimwambiaga arudie jibu mara mbili ndipo asikike, alikuwa na kikohozi cha paka.

Jumamosi moja bomba lilikuwa limefunguliwa mpaka mwisho. Hudhaifa akabisha hodi mara tatu. Afrah akakohoa mara tatu. Maji yakameza kila kitu, mguu ukateleza, na mlango ukafunguka.

Kwa bahati alikuwa ameshajifunga kanga. Hudhaifa aliufunga mlango haraka, lakini wakati wa chai alianza kucheka.

"Baba, huyu mtoto wako sijui bubu. Nimepiga hodi mpaka nimechoka."

"Nilikohoa," Afrah alisema, akiiangalia sahani yake.

"Kile kikohozi? Mie nilidhani mjusi."

Mzee Awadh naye akacheka. Mama yao angekuwepo asingecheka, ila alikuwa Tanga tangu mfungo uishe, akimuuguza dada yake. Afrah alisubiri wamalize kucheka.

"Nataka komeo, Baba."

"Komeo la nini? Sie tulikuwa watoto kumi na mmoja, bafu letu lina pazia la gunia. Mbona tumekua?"

"Basi mie sitaoga tena mle."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," baba yake alisema.

"Idi imeshapita, Baba."

Hakuna aliyeamini kwamba sauti ile ilitoka kwa Afrah. Yeye mwenyewe masikio yalimwaka moto. Lakini alimaanisha. Kesho yake alfajiri alibeba ndoo, taulo na sabuni yake, akavuka barabara mpaka kwa Mama Eliaichi, jirani yao Mchaga aliyekuwa akiuza maandazi barazani. Alimwamkia shikamoo, akaomba bafu. Kesho kutwa akaenda tena. Siku ya tatu, wateja wa maandazi walianza kuulizana kama nyumba ya Mzee Awadh imekauka maji.

Maneno yale yalimfikia Mzee Awadh dukani kwake. Jioni hiyohiyo alikuja na Fundi Leodegar, mtu wa Bukoba mwenye penseli sikioni, na makomeo mawili ya chuma.

Fundi aliyafunga yote mawili kwa ndani, moja kila mlango. Alipomaliza akamwita Afrah.

"Sikiliza, mwanangu. Bafu la milango miwili lina adabu yake. Ukiingia unafunga yote miwili. Ukitaka kutoka, unafungua kwanza mlango wa mwenzio, halafu ndiyo wako. Ukisahau, mwenzio atakaa nje, maana komeo hili halifunguki toka upande wa pili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Fundi. Ahsante."

Kwa mara ya kwanza Afrah alioga kwa miguu miwili. Alioga taratibu mpaka vidole vikajikunja. Hudhaifa akibisha hodi, hakukohoa. Alikaa kimya tu, akilisikiliza komeo likimjibia.

"Malkia ametoka au bado?" Hudhaifa aliulizaga kila asubuhi toka upande wa pili. "Mjusi, nakuuliza wewe."

Jina la mjusi lilimkera Afrah kuliko hata ule mlango uliofunguliwa. Alhamisi moja Hudhaifa alimwita hivyo mbele ya rafiki zake barazani, nao wakajifanya wanakohoa.

Usiku ule Bibi Samiha alilala msibani Temeke. Ijumaa asubuhi Afrah alioga, akavaa, akafungua mlango wake. Kisha akageuka. Komeo la upande wa Hudhaifa lilikuwa bado limefungwa. Juu ya komeo, kwenye msumari, lilining'inia shati jeupe la shule la Hudhaifa, ambalo alilifua jana yake. Afrah aliliangalia shati. Aliliangalia komeo. Akatoka, akafunga chumba chake kwa ufunguo kama afanyavyo Bibi asipokuwepo, akautia ufunguo kwenye begi na kwenda shule.

Aliporudi alasiri, makomeo yote mawili yalikuwa mezani sebuleni, pamoja na skrubu zake na bisibisi. Hudhaifa alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu. Mzee Awadh alikuwa amesimama. Bibi Samiha alikuwa ndiyo kwanza anavua buibui.

"Kaka yako alikuwa na mtihani wa majaribio leo," Mzee Awadh alisema. "Hisabati. Amegonga ule mlango nusu saa, na mie nilishakwenda dukani na ufunguo wa akiba wa chumba chenu. Mpaka amekwenda kuazima shati kwa watu, kafika mtihani umeshaanza, hakuruhusiwa kuingia. Sasa nimechoka. Kesho nanunua misumari. Mlango wa chumba chenu naupigilia. Wewe na Bibi mtatumia choo cha uani."

"Awadh, mtoto kasahau tu," Bibi Samiha alisema. "Nani hasahau? Komeo lenyewe geni."

Afrah aliliona jibu la kumwokoa likiwa limewekwa mbele yake kama sahani ya chakula. Angetikisa kichwa tu, basi.

"Sikusahau," alisema. "Niliona shati. Nilifanya makusudi."

Hudhaifa aliinua uso.

"Nilifanya makusudi kwa sababu ananiita mjusi mbele ya watu. Sikujua kama ana mtihani, lakini shati niliona. Ni kosa langu." Sauti ilikuwa ikitetemeka, ila haikukatika. "Lakini mlango wetu usipigiliwe, Baba. Kwa nini wetu?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyefunga."

"Nimefunga mie. Bibi hakufunga. Choo cha uani kina ngazi tatu na Bibi ana magoti mabovu. Niadhibuni mie, sio mlango."

"Unanijibu?"

"Ndiyo, Baba. Nakujibu."

Mzee Awadh alimgeukia mama yake ili amsaidie. Bibi Samiha alikuwa akiikunja buibui yake polepole.

"Mtoto kakwambia ukweli ambao hakuna aliyemuuliza," alisema. "Sasa wewe msikilize na hilo la pili. Mie ngazi zile sishuki."

Ikawa hivi. Jumatatu Afrah angekwenda mwenyewe kwa mwalimu wa hisabati wa Hudhaifa kueleza alichofanya. Na kabla ya hapo, kesho yake, ndugu wawili wangefuatana na Fundi Leodegar kwenda kuchagua vitasa. Wakirudi na kitu walichokubaliana, vizuri. Wakirudi na ugomvi, misumari.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa Kinondoni, na muuzaji alikuwa dada mmoja aliyeitwa Avelina. Alitandaza vitasa juu ya kaunta kama anayepanga samaki.

"Hiki cha funguo," Hudhaifa alisema. "Nikifungiwa nje, natumia ufunguo wangu."

"Akae na ufunguo wa bafu ninalooga mie? Hapana," Afrah alisema.

"Basi makomeo yaleyale," Fundi aliingilia.

"Ili anifungie tena? Sitaki, Fundi. Huyu dogo ana roho ngumu."

Avelina alicheka, akainama chini ya kaunta, akatoa kitasa kingine. Kwa ndani kilikuwa na kishikio cha kuzungusha. Ukizungusha, kidirisha kidogo upande wa nje kinageuka kutoka kijani kuwa chekundu.

"Vya namna hii wanafungaga maofisini," alisema. "Chekundu, pana mtu. Kijani, ingia. Na hapa nje pana mfuo. Mtu akianguka ndani, unatia sarafu, unazungusha, unafungua."

Afrah alikizungusha mara kadhaa. Hodi isingehitajika, wala kikohozi. Lakini ule mfuo ulimtisha.

"Kwa hiyo hata yeye anaweza kutia sarafu."

"Mie?" Hudhaifa aliuliza. "Nitie sarafu nikuangalie wewe? Afrah, siku ile sikukusikia. Wallahi sikukusikia. Ndiyo maana nikacheka, niliona aibu."

Afrah hakujua kwamba mtu huweza kucheka kwa aibu. Yeye aibu ilimnyamazisha tu.

"Nataka tuwekeane sharti," alisema. "Ukikuta chekundu, husogei. Ukiona mtu kachelewa sana, unamwita Bibi. Sarafu ni ya Bibi peke yake. Hata Baba haruhusiwi."

"Nami nina langu. Ukitoka, unarudisha upande wangu kijani. Hata kama nimekuudhi."

"Hata kama umeniita mjusi?"

"Sitakuita."

"Basi nimekubali."

"Fundi, umesikia," Hudhaifa alisema. Fundi Leodegar alitoa penseli sikioni na kuanza kupima upana wa kitasa.

Jumatatu Afrah alisimama mbele ya Mwalimu Ferdinand katika ofisi iliyojaa walimu. Alisema yote, pamoja na shati. Mwalimu alimwambia arudie kwa sauti kubwa zaidi, naye akarudia. Hudhaifa akapewa mtihani mwingine siku ya Jumatano.

Jioni hiyo vitasa vilikuwa vimeshafungwa. Bibi Samiha aliingia bafuni kuvijaribu, rangi zikageuka nyekundu pande zote mbili, halafu zikarudi kijani, upande wa Hudhaifa kwanza. Alipotoka aliwakuta wajukuu wake na mwanawe wamesimama kumsubiri.

"Nisikilizeni nyote," alisema. "Kila mtu ana haki ya kujisitiri, awe mdogo au mkubwa, wa kike au wa kiume. Anayeomba mlango ufungwe hajamtukana mtu. Awadh, ungemsikiliza mtoto siku ya kwanza, haya yasingetokea. Hudhaifa, mzaha unaomuumiza mwenzio si mzaha. Na wewe Afrah, ulipopata haki yako uliigeuza fimbo ya kumchapia kaka yako. Ukiri wako ndio uliouokoa mlango huu. Usingesema kweli, nani angekusikiliza ulipodai?"

"Nimekosa, Bibi. Samahani, kaka."

"Yamekwisha," Hudhaifa alisema.

Mzee Awadh alikizungusha kitasa, akaangalia rangi ikibadilika, akakizungusha tena.

"Binti yangu siku hizi umepata mdomo," alisema, nusu akilalamika.

"Mdomo ninao siku nyingi, Baba," Afrah alijibu. "Nilikuwa siutumii."