Wale Sabini na Tisa

Walikutana soko la mbuzi la Kiamaiko Jumamosi asubuhi, mbuzi wakilia kila upande. Khavere, ndani ya gauni la manjano na raba nyeupe, alikuwa ametumwa nyama ya sherehe ya kanisa. Mbele yake kijana mrefu alikuwa akivutana na beberu, karatasi ikiwa katikati.

"Ametafuna fomu yangu!"

"Fomu ya nini?" Khavere akacheka.

"Ya wasichana tuliowafunza kushona. Nawatafuta nijue kama wana kazi."

Kumbe shirika lao la kazi lilikuwa moja! Kijana huyo, Ndirangu, alifanya kazi ya nyanjani. Khavere angeanza Jumatatu kwenye takwimu. Mapenzi ya ofisini, jamani, hayafichiki. Kufikia Desemba Ndirangu alikuwa akimwita "sweetie" mbele ya wafanyakazi wote.

Ndipo Ijumaa moja, kule mtaa wa Pipeline, Khavere akamkuta Ndinda akifua nguo za watu. Alikuwa mmoja wa wale wasichana waliofunzwa kushona.

"Kuniuliza kama nina kazi? Hakuna mtu amewahi, dadangu."

Khavere alishtuka. Ripoti yake ilisema tisini na tatu kwa mia ya wasichana wako kazini, na wafadhili walikuwa wanakuja Jumatatu. Akapiga simu.

"Ndirangu, fomu ulijazia kwa kitanda, bila kuwatafuta wasichana?"

"Unasema nini, babe?"

"Usiniite babe!"

Alikata, na wikendi nzima hakushika simu za Ndirangu.

Jumatatu, ofisini katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, alikuta daftari la Ndirangu juu ya meza. Lilikuwa na majina mia moja na ishirini. Waliopatikana walikuwa arobaini na mmoja, wenye kazi thelathini na wanane. Kwa Ndinda na wengine sabini na wanane, mwandiko uleule: "Amehama. Laini ya simu imezimwa. Nimeenda mara tatu."

Ni Khavere mwenyewe aliyewafuta wale sabini na tisa kwenye kompyuta, akapiga hesabu kwa waliopatikana tu.

"Kosa ni langu," alimwambia Ndirangu kwa simu. "Naogopa sana. Watanifuta kazi."

"Niko hapa nje tangu saa moja. Sema tu ukweli, sweetie."

Khavere alisimama mbele ya wafadhili, blauzi imemganda mgongoni.

"Ripoti mliyo nayo si sahihi, na nimeiandika mimi. Tuliwafunza mia moja na ishirini. Wenye kazi tunaowajua ni thelathini na wanane. Sabini na tisa hatujui waliko."

Mkurugenzi wa shirika alikunja uso. Mama mmoja mfadhili akaweka kalamu chini.

"Nani atawatafuta?"

Mlangoni, Ndirangu aliinua mkono.

Mkutano ulipoisha, mkurugenzi alimwambia Khavere amwone saa nane. Ilikuwa saa saba na nusu. Alitoka nje akilia.

"Nisamehe, Ndirangu."

"Nilishakusamehe. Lakini nami nikihama, laini izimwe, utanitafuta?"

"Mpaka nikupate."

"Si ni rahisi tuhame pamoja? Nije kwenu Vihiga na wazee wangu kukuposa."

"Niulize baada ya saa nane. Huenda sitakuwa na kazi."

"Nitauliza vilevile."

Akamshika mkono, wakaketi kwenye ngazi kungoja saa nane.